Fainali ya Machakos 2017: Zanzibar tuendelee kudai kiti CAF na FIFA au tuachane nacho?

Wa Mikunguni (mtoa mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona nilitoe na kila mtu aseme lake.

Jumapili tarehe 17 Disemba 2017. Wakubwa mnajua, ila kuna vijana walikuwa wadogo wakati ule basi nawapa kwa ufupi. Fainali ya Chalenji, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Kenya na timu yetu ya taifa Zanzibar Heroes, Machakos kule Kenya. Wenyeji wakatufunga mapema kweli, dakika ya 5, Ovella Ochieng. Tukahangaika na lile bao moja mechi nzima. Mie nlikuwa barazani kwetu, TV tumeitoa nje kwa waya wa kuunga kutoka dirishani, watu wamejaa mpaka barabarani, vespa hazipiti, muuza kahawa kakaa chini kabisa na dele lake limepoa hakuna anaemuuliza. Dakika ya 87 Khamis Mussa akasawazisha na apo apo mtu akarukia waya ukachomoka! Kioo cheusi. Sie wenyewe tulikuwa tunaruka kwa kuhisi tu, tulikuja kuwa na yakini tuliposikia kelele za mtaa wa pili. Mpaka waya ukarudi watu washalia washafuta machozi.

Alafu nyongeza. Masoud Juma akawarudisha Kenya mbele, hatujakaa sawa Khamis Mussa tena, 2-2. Penalti tukatolewa 3-2, kipa wao Patrick Matasi akaokoa tatu. Majina ya waliokosa siyataji hapa na nawaomba na nyinyi msiyataje, wale ni watoto wetu.

Sasa hoja yangu. Miaka yote hii kila mkikaa watu watano mpira ukatajwa, Machakos inarudi. Na inarudi na uchungu ule ule, haipoi. Nkajiuliza kwa nini, mbona watu wengine wanafungwa fainali na maisha yanaendelea? Jibu nnaloliona mimi ni kuwa wale vijana hawakupata mechi ya pili. Timu nyengine ikifungwa fainali mwakani ina mchujo wa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), ina mchujo wa Kombe la Dunia, ina pa kwenda kujisafisha. Heroes ilikuwa na Chalenji tu. Na Chalenji yenyewe 2018 haikuchezwa, 2019 ikachezwa Uganda hatukutoka kwenye kundi, baada ya hapo mashindano ya wakubwa yakakaa kimya mwaka baada ya mwaka. Mchezaji wa miaka 23 siku ile ya Machakos leo kashapita umri wake mzuri wa mpira na jezi ya Zanzibar kaivaa mara za kuhesabu.

Na kinachouma zaidi ni kuwa mwaka ule ule, mwezi wa tatu, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupa uanachama kamili kule Addis Ababa, nchi ya 55, watu wakatoka mitaani. Mwezi wa saba pale Rabat wakautengua, wakasema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Yani tulikuja kucheza ile fainali tushafutwa tayari.

Mimi msimamo wangu tuendelee kudai. Nyinyi mnasemaje?

Wa Wete

Waalaykum salaam. Ndugu yangu umenirudisha mbali wallahi.

Sisi siku ile tulikuwa na karafuu. Msimu ulikuwa umetukalia, nyumbani ukumbini tunachambua, mama, shangazi zangu, watoto, kila mtu na fungu lake, makonyo huku karafuu huku, mikono imenata utomvu hata simu huwezi kushika kwa hiyo redio aliwekewa mtoto mmoja kazi yake ni kuishika tu juu juu ikamate. Uwani majamvi matatu yameanikwa tangu juzi yake, zimeshaanza kupiga wekundu ule wa kukauka. Mechi ikaenda nyongeza, wingu likaja. Kila mtu analiona. Baba akawa anasema anueni, anueni, na yeye mwenyewe hasimami! Zile penalti zimeanza na matone yameanza. Hakunyanyuka mtu. Mama ambae mpira haujui ndie alietoka peke yake akaanza kukunja majamvi na sisi tumeganda pale. Jamvi moja lilirowa likatoka karafuu mbovu, nyeusi nyeusi, bei yake mnaijua wenyewe. Baba hakumgombeza mtu. Hajawahi kulitaja jamvi lile mpaka leo, anaitaja penalti ya mwisho.

Kuhusu hoja mimi niko nawe lakini umesahau kitu. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lililetwa hapa kwetu Gombani likachezwa na timu za taifa, na Heroes tukachukua kombe, fainali tukamfunga Burkina Faso 2-1. Nlikuwepo uwanjani. Ile si mechi ya pili? Mie siku ile nlirudi nyumbani nkasema basi, deni limelipwa.

Wa Mikunguni

Wa Wete ahsante kwa hilo, na furaha ile hata huku Unguja tuliiona. Lakini kombe lile tumeliandaa wenyewe na tumealika wenyewe. Ni kama mtu aliedhulumiwa kwenye harusi ya watu kisha akapika karamu kwake. Atashiba, ndio, ila pale alipodhulumiwa bado hajaitwa.

Wa Kariakoo, mzaliwa wa Mkoani

Mimi nasema tuachane nacho, na nasema hivi kama Mzanzibari na kama mtu alielia siku ile ya Machakos, msinivue uzanzibari wangu kwa sababu nna fikra tofauti.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu sheria. FIFA inataka nchi inayotambulika kimataifa, na sie pale Umoja wa Mataifa tuna kiti kimoja cha Tanzania. Rais wa CAF wa wakati ule, Ahmad Ahmad, alisema wazi kuwa tulikubaliwa kimakosa. Mtu akikwambia mlango umefungwa na funguo hana, unakaa kugonga mpaka lini?

Pili, na hili ndilo ambalo watu wa baraza hawalizungumzi. Leo kijana wa Zanzibar akisajiliwa Simba, Yanga, Azam, Singida, anahesabiwa mchezaji wa ndani. Hagusi nafasi za wageni. Mkiwa mwanachama kamili wa FIFA na timu yenu ya taifa, yule mtoto akiichezea Heroes mechi ya mchujo keshakuwa wa nchi nyengine kimpira. Club itamuangalia kwa jicho jengine: huyu nimpe nafasi ya mgeni au nimlete mtu kutoka Ghana? Mimi nakaa hapa Dar naona vijana wetu wangapi wanakula kwa mpira huu wa Bara. Angalia hao hao wa kikosi cha Machakos, Mudathir Yahya, Feisal Salum, wameenda wapi? Yanga, Azam, Taifa Stars. Feisal wakati ule ni mtoto wa JKU tu, club ya huku kwetu Zanzibar.

Tatu kocha. Hemed Suleiman, tunaemwita Morocco, ndie aliewafikisha wale vijana fainali. Mnakumbuka AFCON ya Ivory Coast? Kocha wa Stars Amrouche kafungiwa baada ya mechi ya kwanza, nani kakabidhiwa timu? Morocco. Tukatoka sare na Zambia 1-1, tukatoka sare na Kongo. CHAN ya 2025, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, hapa hapa nyumbani kaipeleka Stars robo fainali kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo unaposema mechi ya pili haikuwepo mimi nakwambia ilikuwepo, ila ilichezwa na jezi nyengine.

Mwalimu wa Bububu

Nami niingie. Mimi ni mwanamke, nasomesha skuli ya msingi na mpira naupenda tangu nikiwa nasimama na kaka zangu pembezoni mwa kiwanja.

Kaka yangu wa Kariakoo hoja yako ya jezi nyengine naisikia na ina ukweli. Lakini nikueleze nlichokiona siku timu iliporudi. Watu walijipanga kutoka uwanja wa ndege, juu ya paa za maduka, juu ya ukuta, bibi wazee wametolewa viti nje. Hawa waliofungwa! Nlikuwa na mwanangu wa kiume miaka sita mabegani kwa mjomba wake akaniuliza mama tumeshinda? Nikamwambia hapana. Akasema sasa mbona? Nkashindwa kumjibu pale.

Jibu langu leo ni kuwa watu hawakutoka kwa sababu ya kombe. Walitoka kwa sababu walijiona. Njia waliyopita wale vijana ilikuwa ndefu, Rwanda kapigwa 3-1, ndugu zetu wa Bara wakatangulia kwa bao tukarudi tukawafunga 2-1, Kenya kwake sare ya bila bila, nusu fainali Uganda wenyewe mabingwa watetezi tukawatoa 2-1 pale Kisumu siku ya Ijumaa. Ijumaa! Kisha Jumapili wako Machakos wanacheza dakika 120, na Kenya nusu fainali yao waliicheza Alkhamis. Siku moja ile ya mapumziko mie huwa nahisi ndio iliyotutoa kwenye penalti, miguu ilikuwa imekwisha.

Taifa Stars tunaishangilia, nami naishangilia, Fei akigusa mpira nyumba nzima inasimama. Lakini ukinambia ni kitu kile kile sikubali.

Ila na mimi nna malalamiko. Kombe tulilochukua kweli, Chalenji ya 1995, Kampala, tukamfunga Uganda kwao 1-0, nani anaweza kunisimulia? Niliwauliza watoto wangu darasani hakuna hata mmoja anaejua kama lipo. Machakos wanaijua dakika kwa dakika. Wale wachezaji wa 1995 tunapishana nao sokoni Mwanakwerekwe na hatuwajui sura. Kama tunadai kiti duniani na historia yetu wenyewe hatuiweki, tutakaa nacho na nini?

Wa Cardiff

Naandika kutoka Wales, nimehamia huku mwaka wa 2009, kwetu hasa ni Vikokotoni. Nimesoma maneno yenu yote na nimeguswa kwa sababu ninakoishi mimi ndio nimeyaona haya kwa watu wengine kabisa.

Huku dini yao ni raga. Nafanya kazi ghalani na mzee mmoja, mtu wa hapa hapa, na kila mwaka lazima atanisimulia nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga 2011, Wales na Ufaransa, Auckland. Nahodha wao Sam Warburton kapewa kadi nyekundu hata dakika ya 20 haijafika, wakacheza mechi yote iliyobaki watu 14, wakafungwa 9-8. Pointi moja! Mzee anakwambia penalti ya mbali ile iliyopita chini kidogo ya mwamba, anakuonesha kwa vidole, hivi, kadiri ya urefu wa kiberiti. Anakwambia alikuwa amekaa wapi, mkewe alikuwa anamenya nini. Ni mtu wa Wete mtupu, tofauti yao karafuu tu.

Lakini sikiliza sasa. Nkamuuliza mara moja, mzee, bado inakuuma? Akasema inauma lakini si kama ilivyokuwa, mana miezi mitano baadae, mwezi wa tatu 2012, Ufaransa ile ile ilikuja hapa Cardiff wakaifunga 16-9 wakabeba ubingwa wa Mataifa Sita bila kupoteza hata mechi moja. Alikuwepo uwanjani. Anasema alilia zaidi siku ile kuliko siku ya Auckland.

Mtoa mada nilipofika kwenye maneno yako ya mechi ya pili nlisimamisha chai. Umesema kitu ambacho huyu mzee anacho na baba yake Wa Wete hana.

Na Wales si dola. Pasi yao ni ya Uingereza, kiti chao Umoja wa Mataifa ni hicho hicho kimoja. Lakini FIFA wamo, mwaka 2022 wamekwenda Qatar Kombe la Dunia, na Gareth Bale wao akacheza miaka yote Madrid bila mtu kumuuliza wewe ni nchi gani.

Wa Kariakoo, mzaliwa wa Mkoani

Ndugu wa Cardiff heshima yako, lakini mfano wa Wales hautusaidii na tumeupiga sana mpaka umechakaa. Chama cha mpira cha Wales ni cha 1876, FIFA yenyewe imeundwa 1904. Wale waliikuta nyumba haijajengwa. Huwezi kumwambia mwenye nyumba leo nipe chumba kwa sababu jirani alikuwepo kabla ya msingi.

Wa Mikunguni

Hapo umesema kweli na mfano wa Wales mimi siutumii. Natumia Gibraltar. Kamji kadogo, si dola, wenye kupinga walikuwa Uhispania kwa nguvu zote, wakakataliwa, wakaenda mahkama ya michezo kule Uswisi, UEFA wakaingia 2013, FIFA wakaingia Mei 2016. Hawa hawakuikuta nyumba haijajengwa. Waligonga zaidi ya miaka 15.

Na kwenye katiba ya FIFA yenyewe kuna kifungu kuwa chama cha eneo ambalo halijawa huru kinaweza kuomba kwa idhini ya chama cha nchi kinachotegemea. Yani ufunguo upo. Na huo ufunguo uko Dar es Salaam, hauko Zurich kwa FIFA. Najua lile neno la kutegemea litawakera wengi, linanikera hata mie mana sisi si koloni la mtu, tumeungana. Na michezo si jambo la Muungano, haimo kwenye orodha. Kwa hiyo mambo ya michezo ndani ya nchi ni yetu, lakini tukivuka bahari tu mwakilishi ni mwengine. Hapa pana pengo na watu wazima wa pande zote mbili wanatakiwa wakae walizungumze kwa adabu, bila ya kutukanana, bila ya kila mdai kuambiwa mchochezi.

La wachezaji wa Bara ndilo limenikalisha kitako, sikulifikiria vya kutosha nakiri. Lakini hilo ni kanuni ya ligi na kanuni ya ligi inaandikwa na watu. Inaweza kuandikwa kuwa Mzanzibari hahesabiwi mgeni. Nchi moja, pasipoti moja.

Mchezaji wa zamani, Chake

Mimi sina elimu ya vifungu. Nlicheza daraja la pili hapa Pemba na mara moja maishani nimepiga penalti ya kuamua, Gombani, kombe la wilaya, nkakosa. Nataka kusema kitu kwa mwalimu wa Bububu kuhusu miguu kuisha.

Si miguu dada yangu. Pale katikati ya uwanja mpaka kwenye nukta ni mwendo mrefu hujauona. Unakwenda peke yako, wenzako wote wako nyuma huwaoni, unamsikia kipa anazungumza na huelewi anasema nini. Mimi nlikuwa na upande wangu nimeuchagua tangu nyumbani. Nilipofika nkauinua uso nkamuona kipa kaegemea kidogo upande ule ule, basi moyo ukanambia badilisha. Nkabadilisha. Nkapiga katikati ya mawili, mpira dhaifu, akaudaka kama anapokea embe. Watu wa kwetu wananiita kwa ile penalti mpaka leo na nshakuwa babu.

Tofauti ya aliezoea na asiezoea ni hiyo tu, aliezoea habadilishi. Na kuzoea kunatokana na kupiga penalti kubwa nyingi mbele ya watu wengi. Vijana wetu wangapi siku ile walikuwa washawahi kupiga penalti ya fainali ya kimataifa ugenini? Kwa hiyo mimi namuunga mkono mtoa mada, lakini si kwa sababu ya bendera. Nataka wapate mechi. Ukiwapa mechi kupitia FIFA sawa, ukiwapa kupitia Chalenji ichezwe kila mwaka kama zamani mimi nakubali, ukiwaletea timu nne Gombani kila Januari nakubali. Mlandege, club yetu ya Zanzibar, alipomfunga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi 2024 pale Amaan mliona wale watoto walivyotulia? Mwaka wa nyuma yake walikuwa washacheza fainali ile ile wakashinda. Walikuwa washaujua mwendo.

Wa Kariakoo, mzaliwa wa Mkoani

Baba yangu wa Chake, shikamoo. Kwa hilo la mechi niko nawe moja kwa moja na nadhani hata mtoa mada na mimi hapo tunakutana. Ila mimi ningeanza na Chalenji kabla ya FIFA, mana Chalenji kiti tunacho tayari na hakuna wa kututoa, na kiti hicho kimekaa vumbi wakati sie tunagombania chengine.

Wa Mikunguni

Marahaba, hata kama shikamoo si yangu. Tuanze na Chalenji, nakubali, lakini tusiishie hapo. Na mwalimu, kuhusu 1995, kuna mzee mmoja hapa mtaani alikuwa kwenye msafara wa Kampala, si mchezaji, alikuwa akibeba vifaa. Jumamosi baada ya lasiri naenda kukaa nae na simu ya kurekodi. Mwenye swali la kumuuliza aliandike hapa kabla ya Ijumaa.